Vipanga wa Shimo la Maji

Watu wa mjini wakisikia kwamba nilikaa chini siku ya Kumi na Mbili, hudhani mimi ni mpenzi wa ndege. Mpenzi wa ndege, mimi? Nimekula kwale wa mlimani tangu sijaota meno. Nimewanyonyoa mpaka ncha za vidole zikafa ganzi, nimewachemsha, nimewaoka na vipande vya nyama ya nguruwe kifuani, na hata leo ukiniletea jozi ya kwale wachanga sitakuuliza wamekufaje. Kwa hiyo asije mtu na darubini yake shingoni kuniita shujaa. Nilikaa chini kwa sababu kuna mtu alitaka kunifanya mjinga, na mimi nikifanywa mjinga sisogei.

Naitwa Senga. Nilizaliwa katika nyumba ya mlinzi wa mawindo wa milki ya Corrandu, kaskazini mwa Uskoti, na humo ndimo nilimotaka kufia. Nyumba ile haikuwa yetu. Ni ya milki. Anayewalinda kwale wa mlima ule ndiye anayekaa humo, na kazi ikimtoka, nyumba nayo inamtoka. Babu alikaa, baba akakaa, kisha mdogo wangu Wattie akairithi kazi. Nami nilipofiwa na mume nikarudi kumpikia Wattie na kugombana naye. Wattie hakuoa. Anasema mbwa wanamtosha, na mimi naamini mbwa ndio walioteseka.

Msimu hufunguliwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nane. Wageni wenye uwezo husimama kwenye mahandaki ya mawe upande mmoja wa mlima na bunduki zao. Sisi wafurushaji, watu wa bondeni, tunatokea upande wa pili kwa mstari mmoja mrefu, kila mtu na bendera nyeupe, tunapiga kelele na kupepea ili kwale waruke kuelekea kwa wageni. Mstari ule una sheria moja ambayo hata mlevi haivunji: mmoja akisimama na kuinua bendera juu, wote wanasimama. Anayetangulia anaweza kupigwa risasi ya uso, na anayebaki nyuma anaacha pengo ambalo ndege watalipenya warudi walikotoka. Kwa hiyo mnasimama, mnangoja, na mlinzi mkuu akipiga pembe yake ndipo mnaendelea. Kwetu mlinzi mkuu alikuwa Wattie.

Mwaka ninaousema tulikuwa na vipanga. Dume ni la kijivu kama majivu ya jikoni, jike la kahawia lenye doa jeupe mgongoni karibu na mkia. Hawajengi juu ya miti, wanataga chini kwenye vichaka. Wanakula panya, wanakula ndege wadogo na, sikatai, wanakula vifaranga wa kwale. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Kila kifaranga anayeingia tumboni mwa kipanga ni ndege mmoja ambaye mgeni hatampiga. Sheria inamlinda kipanga, milki inamlinda kwale. Baba yetu, enzi zake, aliwaua na kuwatundika kwenye waya wa uzio mchana kweupe, na kasisi akipita alimwamkia vizuri tu. Siku hizi hawatundikwi. Wanapotea.

Jozi yetu ilipoteza mayai ya kwanza kwa theluji ya mwezi wa tano, ikataga tena kwa kuchelewa. Nilikigundua kiota chao mwezi wa saba, nikipita na mbwa Shimo la Maji, bonde dogo la matope ambalo hakuna mtu mwenye akili analipenda. Jike lilinijia kwa nyuma likanipiga kichwani, kofia ikaenda zake. Nilipoinama kuiokota nikaona vifaranga wanne wamejibanza, manyoya meupe, macho makali, wananitazama kama mimi ndiye mwizi. Niliwacheka. Sijui kwa nini niliwapenda hapo hapo. Labda kwa sababu hawakuniogopa.

Kesho yake Wattie alikuwa anakula uji wake wa shayiri.

"Shimo la Maji kuna kiota cha vipanga," nikamwambia.

"Sijasikia."

"Kuna watoto wanne. Mama yao kanivua kofia."

"Dada, nimesema sijasikia," akasema, kijiko hewani. "Na wewe hujasema."

Nilimwelewa. Wattie si muuaji. Lakini tulikuwa na meneja, Bwana Callender, aliyekuja kutoka kusini kuiendesha milki kwa niaba ya mwenyewe ambaye hatumwoni. Callender hana makelele. Hajawahi kumwambia mtu aue kipanga, wala hatamwambia. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, na huyu hakwambii ua. Anakwambia, "Ningefurahi sana kama mwaka huu mlima usingekuwa na matatizo." Halafu anakuuliza hali ya nyumba, kama paa linavuja. Wattie alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na Callender alikuwa amemwahidi kwa mdomo kwamba akistaafu salama tutaachiwa nyumba mpaka tufe wote wawili. Ahadi hiyo ndiyo tuliyoilalia na kuiamkia.

Sasa ikafika siku ya Kumi na Mbili. Tulikusanyika uani, wafurushaji wote, chai mkononi, mbwa wanalia kwa hamu. Tangu enzi za babu tunaanzia Mgongo wa Farasi, kwenye ukavu. Callender akasimama juu ya tela akatangaza kwamba mwaka huu tutaanza na Shimo la Maji.

"Shimo la Maji?" akasema Dougal, anayepeleka barua za posta bondeni. "Kule hata kwale huvaa mabuti, bwana!"

Watu wakacheka. Callender naye akacheka. "Mabadiliko ni mazuri, Dougal," akasema. Wattie hakucheka. Alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Nikamvuta nyuma ya gari.

"Anajua," nikamwambia.

"Anajua nini?"

"Wattie! Usinifanyie hivyo mimi. Amemwona dume akishusha chakula pale. Ndiyo maana."

"Nimeambiwa nipange mstari, nimepanga. Sikuambiwa sababu."

"Watoto wale hawajaruka bado. Mstari mzima na mbwa ukipita pale watakanyagwa, au watakurupuka wakipapatika mpaka mbele ya bunduki, na mgeni atasema alidhani ni kwale. Samahani sana, bahati mbaya, basi. Hakuna mkono wa mtu."

Wattie akatazama huku na huku. "Imebaki miaka miwili, dada. Miwili tu. Nimekuweka pembeni kabisa, kule juu. Hutaona kitu."

Hapo ndipo aliponimaliza. Alinipenda, mdogo wangu, akanitafutia mahali pa kutoona. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikarudi kwenye kundi, nikamtafuta muuza samaki aliyepangwa katikati karibu na Dougal, nikamwambia kwamba juu kuna upepo mzuri na matope kidogo. Akafurahi tukabadilishana.

Tukaanza. Pembe ikalia, mstari ukasogea. Vichaka vya mlimani vilikuwa vimechanua maua ya zambarau, vinafika magotini, na harufu yake siku ya jua hunifanya nisahau kwamba nina mifupa ya uzee. Siku hiyo sikusikia harufu. Nilikuwa nahesabu moyoni nyumba na vifaranga, vifaranga na nyumba, kama mtu anayepima unga kwenye mizani mbovu. Banda la kuku wangu. Dirisha la jikoni ambapo mama alikaa kuambua maharage. Chumba cha nyuma. Nikajiambia, Senga, ni ndege tu. Nikajijibu, kweli, ni ndege tu, na kama kwa ndege tu wanaweza kukutembeza kama ng'ombe ukaue bila kujua, kesho watakutembeza wapi?

Jike likainuka mbele yetu, likaanza kuzunguka likipiga yowe, na yowe lile hulipiga watoto wakiwa chini. Nikaona ukingo wa udongo mweusi na vichaka virefu nilivyovijua. Liwalo na liwe, nikasema. Nikainua bendera juu, kisha nikakaa chini kwenye matope, matako na yote.

Kushoto wakasimama. Kulia wakasimama. Bendera moja baada ya nyingine ikapanda mpaka mwisho wa mstari, na hakuna aliyejua kwa nini. Ndivyo tulivyolelewa: unasimama kwanza, unauliza baadaye.

"Senga!" akapaza sauti Dougal. "Umevunjika mguu au umechoka kuishi?"

"Nimemwona kipanga."

"Hata mimi namwona, ana mdomo kama mama mkwe wangu. Inuka basi, matope yatakuingia."

"Ana watoto hapo mbele yako, Dougal. Hawajui kuruka. Tukiendelea tunawakanyaga."

Dougal akatazama vichaka, akatazama juu kwa yule jike. Yeye hana nyumba ya milki, hana cha kupoteza ila chakula cha mchana, lakini chakula cha mchana anakipenda.

"Na Callender anajua?"

"Unadhani kwa nini leo hatukuanzia Mgongo wa Farasi?"

"Aaa," akasema. "Mshenzi yule." Akajishusha taratibu mpaka chini akiguna. "Basi na mimi goti langu limeanza. Unalijua goti langu, likianza halina adabu."

Yule aliyemfuata akamuuliza, akaambiwa, naye akakaa. Habari ikatembea kwenye mstari kutoka mdomo hadi mdomo. Si wote waliokaa, siwezi kudanganya. Wengine walibaki wamesimama wakimtazama Wattie. Lakini hakuna aliyesogea, kwa sababu bendera yangu ilikuwa bado juu.

Wattie akaja akikata vichaka kwa miguu, uso mwekundu.

"Inuka, dada."

"Siinuki."

"Unanivunjia heshima mbele za watu."

"Nani kakuvunjia heshima, mimi au yule aliyekutuma kuua bila kukwambia unaua?"

Akachuchumaa mbele yangu. Akashusha sauti. "Nyumba, Senga. Nyumba ya mama."

"Naijua. Umezaliwa chumba cha nyuma na mimi ndiye niliyetumwa kuchemsha maji. Usinifundishe nyumba."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Mimi sitaki kitu kwako. Piga pembe ukitaka, hawa wataondoka, kazi ni kazi. Mimi nabaki hapa hapa. Mtanizunguka kama jiwe."

Akasimama. Akaipeleka pembe mdomoni. Sikumwomba, naapa, hata kwa macho sikumwomba. Mashavu yakajaa upepo. Halafu yakapungua. Mkono ukashuka na pembe yake, na Wattie akabaki ananitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwake tangu azaliwe.

Gari la Callender likaja likiyumba juu ya matope. Akashuka, viatu safi.

"Kuna tatizo gani hapa? Wageni wanangoja."

"Kuna kiota cha vipanga mbele yetu, bwana," nikasema. "Na watoto ndani yake."

"Kiota?" Nyusi zikapanda. "Kiota gani? Mimi sina habari ya kiota chochote. Wattie, wewe una habari?"

Wattie akaikazia macho pembe yake. Callender alijitia hamnazo kwa ustadi mkubwa, ingekuwa ngoma ningemtunza. Akaitazama saa yake, akautazama mstari uliokaa chini kama watu wa mapumziko, akaamua kuukatisha mzunguko ule wa kufurusha. Akatuma ujumbe kwa wageni wapande magari waende kula mapema. Mimi akaniomba niandamane naye garini, kwa adabu, akinifungulia mlango.

"Bibi Senga," akasema tulipobaki wawili, "umechoka. Si jambo la aibu kwa umri wako. Tufanye hivi. Wakati wa chakula utaingia uwaombe radhi wageni, uwaambie mguu ulikupinda. Wataelewa. Baada ya hapo utakwenda nyumbani kupumzika, na wenzako watamalizia Shimo la Maji bila wewe. Mimi sitakumbuka lolote la leo. Wala lolote kuhusu nyumba."

"Na nikikataa?"

"Sijasema kitu kuhusu kukataa."

Unamwona? Hata hapo hakusema.

Banda la chakula la Corrandu ni la mawe, na lina meza ndefu na moto hata wakati wa joto. Wageni hula ndani, wafurushaji hula nje kwenye nyasi. Mimi nilikuwa nimeingia mle mara nyingi nikibeba sufuria ya supu ya viazi, kamwe si kwa kusema. Nje Dougal alikuwa ameshika pai ya nyama mkono huu na nyingine mkono ule. Aliponiona nakwenda mlangoni akaacha kutafuna.

"Unakwenda kuomba radhi?" akaniuliza.

"Nimeambiwa."

"Kwa goti langu pia uniombee."

Nikaingia. Callender akagonga glasi kwa kisu. "Bibi yetu hapa ana neno fupi," akasema akitabasamu, na wageni wakageuka wakitabasamu pia, kama watu wanaosubiri mtoto aimbe. Nilijua sauti ya kila mlango wa nyumba yetu, na kwa dakika ile nilizisikia zote.

"Nimeambiwa niombe radhi," nikasema. "Nawaomba radhi kwa kwale mliowakosa asubuhi. Kwale ndio kazi yetu, na leo hamkupata haki yenu. Hiyo naisema kwa moyo mmoja. Nimeambiwa pia niseme kwamba mguu wangu ulipinda."

Nikaukanyagisha chini, vyombo vikalia.

"Mguu wangu ni mzima. Nilikaa kwa sababu kule Shimo la Maji, chini ya ukingo mweusi, kwenye vichaka virefu, kuna watoto wanne wa kipanga ambao hawajaruka. Mkimaliza supu hii mtapelekwa tena pale pale. Sasa nyote mmesikia. Wewe bwana wa skafu ya kijani, umesikia. Mama wa kofia, umesikia. Wakifa leo, hakuna hata mmoja humu atakayesimama mbele ya hakimu akasema hakujua. Na akisema, nitakuwepo, nitamwonyesha kwa kidole hiki."

Callender akacheka kidogo. "Poleni, mabwana na mabibi. Jua la leo limemwingia kichwani bibi wetu. Hakuna..."

"Mlinzi," akasema mzee mmoja mnene wa Ubelgiji, Bwana Verhaegen, ambaye huja kila mwaka na hukosa zaidi ya anavyopiga. Alikuwa ameweka kijiko chini, anatazama mlangoni nyuma yangu. "Anasema kweli?"

Sikujua kama Wattie yupo. Nikageuka. Alikuwa amesimama kizingitini na suti yake ya sufu, ile yenye mistari ya milki ambayo walinzi wote wa Corrandu wamevaa tangu babu, kofia mkononi. Nikataka kumwambia usijibu, mdogo wangu, acha liniangukie mimi peke yangu. Nikachelewa.

"Ni kweli, bwana," akasema. "Ni wanne. Na mstari wa leo sikuupanga kwa ajili ya kwale."

Kisha akavaa kofia yake mle ndani, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya wageni maishani mwake, akatoka kwenda kuwapa mbwa maji.

Verhaegen akasema yeye hatapiga kule. Mama wa kofia akasema naye hapigi. Mwisho hakuna aliyetaka, na mchana ule tukaenda Mgongo wa Farasi kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na nikapepea bendera yangu mpaka mwisho kama kila mwaka. Sijidanganyi kwamba waliwaonea huruma watoto wa kipanga. Waliyaogopa magazeti. Hewala, kuogopa magazeti nako ni baraka. Wiki ile ile wakaruka watatu. Mmoja alikufa kiotani kwa njaa, mdogo wao, kama kawaida yao. Hao watatu niliwaona kwa macho yangu wakichezeana angani juu ya Shimo la Maji, wanaanguka anguka bila ustadi, na nikapiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

Nyumba ikatutoka. Haikuwa kwa sababu ya kiota, ati. Ilikuwa kwa sababu ya mpangilio mpya wa uendeshaji. Tulihama mwezi wa kumi na moja, mvua ya barafu ikitupiga, Dougal akibeba kabati la mama kwa gari la posta, jambo ambalo haliruhusiwi. Wattie alilazimika kuwagawa mbwa wake. Tulikokwenda, chumba na sebule juu ya duka la samaki wa kukaanga, waliruhusu mbwa mmoja tu. Akambakiza Tess, aliyekuwa mzee kuliko wote, kwa kuwa hakuna mwingine angemchukua. Wale wengine aliwapeleka mmoja mmoja, na kila mara alirudi na kamba tupu mkononi.

Siku ya funguo Callender alikuja mwenyewe. Nililia. Nilishika kitasa cha mlango wa jikoni nikalia kwa sauti, na sikufuta machozi. Nikamgeukia nikamwacha aone uso wote ulivyoloa. Nikampa funguo.

"Sikiliza vizuri," nikamwambia. "Nalia, lakini sijutii."

Akasema anasikitika. Labda ni kweli, sijui, sikungoja kuuliza.

Watu wa chama cha kutetea ndege walikuja majira yale ya baridi na ngao ya mbao iliyoandikwa jina langu. Nikawauliza kama inapikika. Wakacheka, wakadhani natania. Nikawaambia kama mlikuwa na sauti hivi, mngeitumia siku tulipokuwa tunatafuta nyumba. Wakanywa chai wakaondoka na ngao yao. Wattie alinigombeza kwamba sina adabu, na nilifurahi sana, kwa sababu ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu tangu tuhame. Siku nyingine, anamenya viazi, akasema bila kuniangalia kwamba asubuhi ile mlimani alikuwa amedhamiria kabisa kupiga pembe.

"Najua," nikasema.

"Pumzi ilikataa."

"Menya viazi, Wattie."

Hatukulirudia tena.

Mwezi wa nne nilipanda basi la kwanza, nikashuka penye daraja la Corrandu, nikaupanda mlima na kifurushi cha mkate na chupa ya chai. Callender huenda halijui jambo hili kwa vile yeye ni wa kusini, lakini sisi wa Uskoti tunalinyonya na maziwa: mlima unaweza kuwa na mwenyewe, ila kuutembea hauna mwenyewe. Ukifunga malango, ukifuata njia yako bila kuharibu, hakuna wa kukufukuza. Nikakaa kwenye jiwe juu ya Shimo la Maji. Dume la kijivu lilikuwa limesharudi. Lilikuwa linapanda juu sana, linajigeuza mgongo chini, linaporomoka, linapanda tena, yote hayo kumwonyesha jike lililokaa kwenye kichaka na kujifanya halioni. Wanaume!

Nikarudi siku iliyofuata. Na iliyofuata. Wiki ya pili gari likaja likiyumba. Callender akashuka akiwa na mlinzi mpya, kijana wa watu ambaye alitazama vidole vya viatu vyake kama Wattie alivyokuwa akitazama.

"Bibi Senga," akasema Callender. "Hapa ni milki ya watu."

"Habari za asubuhi, bwana. Natembea tu."

"Umekaa."

"Napumzika. Si ulisema mwenyewe, umri wangu?"

Akatazama angani, ambako dume lilikuwa linaporomoka. Akatazama chini haraka, lakini nilimwona, na alijua nimemwona. Nikamwambia yule mlinzi mpya aje aangalie, ndege yule ni mzuri. Nikamwonyesha jike lilipo, nikaeleza kwa sauti kubwa, mahali hasa, kichaka kwa kichaka, ili yeye na bwana wake wote wawili wawe wamesikia.

"Na unakusudia kukaa hapa kwa muda gani?" akauliza Callender. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa na ukali.

Nikafungua chupa ya chai, nikajimiminia.

"Mpaka watoto waruke, bwana," nikasema. "Nina nafasi kubwa siku hizi. Zamani ningekuwa na haraka nirudi, kuna kuku, kuna bustani, kuna nyumba nzima ya kufagia. Kazi zote hizo mmenipunguzia."